Maneno Niliyomwekea Chiku

Jumatatu, 18 Agosti

Miezi saba bila neno. Naomba radhi, ingawa katika daftari hili hakuna wa kunisamehe ila mimi mwenyewe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mvivu, na udhuru huo nisingeukubali kwa mwanafunzi yeyote.

Chai ya tangawizi. Miwani. Kalamu nyekundu. Nimestaafu ualimu lakini kazi haijanistaafu. Ninasanifu Kiswahili cha katuni ya televisheni, vipindi sita; kila kipindi nakitia sahihi ndipo kirushwe. Mswada umetoka kwa wafadhili, nje ya nchi. Sauti zinatiwa hapa Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Inamhusu Chiku, msichana wa miaka kumi na miwili. Katika kipindi cha pili jirani anamnajisi. Hakionyeshwi kitu, mlango unafungwa tu. Katika kipindi cha sita anamsamehe.

Maneno ya msamaha yalikuwa mabovu. Dennis, mwongozaji, aliniomba niyaandike upya. Nimeyaandika kwa dakika tano. Sikufuta hata moja. Nimeridhika.

Jumatano, 20 Agosti

Studio. Lifti mbovu, nimepanda ngazi. Dennis alinipokea kwa kelele.

"Shikamoo Mwalimu! Pale kwenye msamaha umetisha! Mimi mwenyewe chozi limenitoka."

Vijana wakisema hivyo wanasifu. Nimekwisha kuzoea.

Leo nimeziona picha kwa mara ya kwanza. Jirani ana meno ya kombo na kucha ndefu, na kivuli chake hufika kabla yake. Chiku, kuanzia kipindi cha tatu, amepakwa rangi ya kijivu. Wenzake wote wana rangi zao. Yeye hali, hasemi, hukaa dirishani. Akishasamehe, rangi inamrudia.

Kisha mtia sauti akasoma maneno yangu: "Kwa hiari yangu nimemsamehe, wala sina kinyongo, na jambo hili lisitajwe tena."

 Nilijua niliwahi kuyaandika wapi. Nimeondoka bila kuaga. Sijapata kufanya hivyo maishani mwangu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefungua kasha. Karatasi ipo, chini ya vyeti vyangu. Miaka thelathini na mmoja. Mwandiko wangu, mzuri kama wa kitabu.

Niandike bila kuzunguka. Kaka yangu alimnajisi Rehema, binti wa dada yetu. Rehema alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazee walisema mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Tukakaa mkekani. Ubani, fatiha, kahawa, halua. Mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo niliambiwa niandike hati ya suluhu. Niliiandika kwa jina la Rehema. Sikumwuliza kitu. Niliisoma mara mbili kuhakikisha inatiririka. Wazee waliisifu.

Rehema alikuwa darasa la sita, anajua kuandika. Tulimpaka wino kwenye dole gumba. Kisha akaambiwa ambusu mjomba wake mkono. Akambusu.

Kaka yangu hakuwa na meno ya kombo. Alikuwa mzuri wa sura kuliko wanaume wote wa mtaa wetu. Kanzu yenye pasi, manukato, halua mfukoni. Watoto walimkimbilia. Yu hai, husali safu ya kwanza. Mtoto anayefundishwa kuogopa meno ya kombo atamfungulia mlango kaka yangu.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimekwenda Msimbazi, kwenye kibanda cha ushonaji cha Rehema. Dera la rangi ya embe bivu. Alikuwa akimtania mteja.

"Shemeji, kitambaa hiki hakitoshi. Ama uongeze mita mbili, ama umpunguze mkeo!"

Kibanda kizima kilicheka, yeye zaidi ya wote. Hana kijivu popote. Hakuwahi kuwa nacho.

Mteja alipoondoka nilimpa mswada. Akausoma. 

"Mama mdogo. Hata wa katuni umemwekea maneno?"

Akanirudishia mswada.

"Mimi sijapata kuyasema haya. Mpaka leo."

Akaniambia jambo nililolisahau, au nililojisahaulisha. Mwaka ule alikuwa akicheka sana. Alicheka chuo cha Kurani, alicheka msibani, hakuweza kujizuia. Mama yake alimchapa. Wazee walisema mtoto aliyeumizwa hacheki, basi hapana kilichotokea cha kukuza. Na mimi nilikuwapo, nikaitikia kwa kichwa.

Watoto wangapi wataitazama katuni hii, wajione hawana rangi ya kijivu, wadhani hakuna atakayewaamini?

Nilitaka kumwomba msamaha. Akaniwahi.

"Usiniombe leo. Nina sare tatu za shule, wenyewe wanakuja saa kumi."

Jumapili, 24 Agosti

Sijala. Nje wanatangaza viatu kwa vipaza sauti, bei ya kutupa, tangu asubuhi. Natamani wanyamaze. Natamani na mimi ninyamazishwe.

Nimempigia Dennis. Nimemwambia sitatia sahihi kipindi cha sita.

"Mwalimu, ni katuni tu. Watoto wanapenda mwisho mzuri. Tunaenda hewani wiki ijayo, nakuomba."

Bila sahihi yangu hairuki. Lakini wafadhili wanataka sababu kwa maandishi, Jumatano asubuhi. Sababu ninayo moja tu, nayo imo kashani. Nisipoitoa, mimi ni bibi mkaidi, watamtafuta mwingine atie sahihi. Nikiitoa, ninamtoa Rehema mbele za watu, kwa mara ya pili, kwa mkono uleule. Kaka atanilaani. Ukoo utanitenga. Hilo nalistahili. Lakini yeye?

Nimeandika barua tatu. Zote zimenyooka kama hati ile. Nimezichana. Naiogopa kalamu yangu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimempelekea Rehema hati.

Aliniamkia, nikamwitikia, nikamkabidhi. Nikamweleza habari ya sahihi, wafadhili na kesho. Nikamwambia karatasi ni yake. Aichome, aitunze, anipe niipeleke. Kisha nikafunga mdomo. Kazi ngumu kuliko zote nilizopata kufanya.

Aliikunjua. Akaweka dole gumba lake juu ya lile la wino. Limekuwa kubwa, lina alama za sindano.

"Nilikuwa na kidole kidogo hivi?"

Hakucheka. Hakulia pia. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye kopo la vifungo, akafunika.

"Nitakwambia kesho asubuhi. Ila mama mdogo, usiniandikie."

Nimerudi kwa miguu, nikipita Kariakoo. Nyumbani nimefungua ukurasa wa mwisho wa mswada. Nimekata maneno niliyomwekea Chiku, mstari mmoja, kalamu nyekundu. Mahali pake sikuweka kitu.

Rehema akishaamua, nitayaandika humu maneno yake, kama atakavyoyatamka. Kabla ya hapo sina langu.