Soketi Tatu za Baba Nyambura

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimemwogesha Baba Nyambura, nimemnywesha uji, nimemgeuza atazame dirisha. Kisha dukani. Baridi imeingia, vitambaa vizito vinatoka. Adhuhuri nimefunga, nikarudi kumlisha, nikafungua tena. Miguu inauma.

Ndivyo siku zinavyokwenda tangu mume wangu apigwe na kiharusi mwaka jana. Mkono wa kulia umekufa. Mguu unaburuta. Maneno yanatoka vipandevipande. Akitaka taa, ananingoja. Redio ikimchosha, ananingoja. Yeye, fundi wa stima aliyeingiza waya kwenye nyumba nyingi za hapa Makongeni.

Alhamisi, 6 Juni
Kifurushi kutoka Ujerumani. Nyambura, binti yetu, ni muuguzi huko. Soketi tatu nyeupe na rimoti ndogo. Amepiga simu dukani kunieleza: chomeka soketi ukutani, chomeka taa kwenye soketi, Baba abonyeze akiwa kitandani. Inawaka. Hata redio. Wazee wa huko wanazo, asema.

Nimefurahi kama mtoto. Mwenyewe hakufurahi. Ameishika kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akairudisha kwenye boksi.

“Mimi... si... mzigo.”

Nilikuwa nimechoka, na moyo wangu ulitaka kusema ndiyo, u mzigo.

Ijumaa, 7 Juni
Haziingii. Za Ujerumani zina miguu miwili ya mviringo. Zetu za ukutani zina matundu matatu ya mraba. Mama Halima wa nyumba ya pili amenionyesha ujanja wa mtaa: sukuma kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu, ya chini yafunguke, kisha ingiza kwa nguvu. Nikaingiza. Cheche.

“Toa! Toa!”

Sauti ya Baba Nyambura, nzima, neno halijakatika. Sijaisikia tangu augue. Nikatoa. Kisha akageukia ukuta, hakutaka hata chai.

Jumamosi, 8 Juni
Nimenunua adapta mjini, za kuunganisha miguu yao miwili na matundu yetu matatu. Nimemwekea mapajani bila kusema neno. Amezijaribu moja moja kwa vidole vya kushoto. Ya pili ameitupa. “Inacheza.” Nikarudi kuibadilisha. Muuzaji alinuna. Nilinuna zaidi.

Jumanne, 11 Juni
Zinafanya kazi. Lakini nilidhani rimoti itaijua taa yoyote ile. Wapi! Balbu za darini haizijui. Inajua tu kilichochomekwa kwenye soketi zake. Basi nimenunua taa ya mezani, ikakaa karibu na kitanda. Soketi ya pili, redio ya sebuleni. Ya tatu bado iko kwenye boksi.

Nabonyeza mimi. Yeye hagusi. Nimeacha rimoti kitandani makusudi. Jioni nimeikuta sakafuni. Hasira.

Jumapili, 16 Juni
Siku ya ajabu.

Akina mama wa kanisa walikuja kutuombea. Walikaa sebuleni, mlango wa chumbani wazi. Nilikuwa namimina chai Mama Ciru aliposema, bila hata kushusha sauti, “Kwa kweli Mungu angemchukua tu mzee. Apumzike, na wewe upumzike, dada.” Wengine wakaitikia kwa kuguna. Mimi nikaendelea kumimina chai.

Wakainamisha vichwa. Maombi yalipokolea, redio ikalipuka. Mpira! Mtangazaji anapiga kelele, mtu amefunga bao. Kisha ikazima. Mama Ciru akaanza upya. Redio tena. Akasimama akaikemea kwa jina la Yesu, ikazima. Wote wakapumua, wakasema amina. Ikawaka.

Waliondoka chai ikifuka mvuke. Mmoja alisahau kitambaa chake cha kichwa.

Nikaingia chumbani. Rimoti ilikuwa chini ya blanketi, mkono juu yake. Alikuwa anacheka. Nusu ya mdomo tu ndiyo inayocheka, lakini machozi yalitoka macho yote mawili. Nikacheka nami hadi nikakaa sakafuni. Kisha nikaenda jikoni nikalia. Nilinyamaza yeye akitukanwa ndani ya nyumba yake. Amejijibia mwenyewe.

Jumanne, 18 Juni
Habari zimefika sokoni kabla yangu. Nyumba yetu ina pepo. Mteja mmoja ameniuliza kama ni kweli sahani zinaruka. Ngai, Mungu wangu! Nimemwambia zinaruka siku za Jumapili tu.

Baba Nyambura hataki kuiachia rimoti sasa. Anawasha, anazima. Asubuhi nimeamshwa na taa machoni. Nimemgombeza. Imekuwa siku nyingi sijamgombeza kama mume.

Alhamisi, 20 Juni
Soketi ya tatu imepata kazi. Wazo lake. Tunagawana ukuta na Mama Halima, na rimoti hii inapenya kuta. Taa imewekwa kwake, karibu na cherehani yake. Ikiwaka, aje. Tumejaribu: amekuja mbio, sindano ikiwa bado mdomoni.

Nimemwambia asijisumbue tena kupita kumtazama mzee mchana kama alivyozoea. Taa itamwita. Ana oda nyingi za sare za madrasa. Na mimi sifungi tena duka adhuhuri, namwachia Baba Nyambura chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. Nimekula chakula cha moto dukani, nimeketi. Raha.

Jumanne, 25 Juni
Siwezi kuandika vizuri.

Nilikwenda Ruiru kupeleka mapazia kwa mteja wa kule Kiuu. Stima ilipotea Makongeni asubuhi, mara tu nilipoondoka. Sikujua. Mama Halima alijua, lakini cherehani yake ni ya miguu, akaendelea kushona. Taa haikuwaka, naye akadhani mzee yuko salama.

Nimerudi jua likizama. Mzee yuko sakafuni, kwenye simenti. Alitaka kwenda msalani. Alibonyeza, akabonyeza, mwishowe akajaribu mwenyewe. Paji la uso limevimba na kuchanika. Amejikojolea. Baridi kama jiwe. Rimoti ilikuwa mkononi na kidole gumba bado kinabonyeza.

Mama Halima amelia kuliko mimi. “Nilikuwa hapa hapa, Mama Nyambura. Ukuta tu.”

Jumatano, 26 Juni
Hospitali. Hakuvunjika popote. Mshono juu ya jicho.

Nyambura alipiga simu. Nikampigia kelele. Nikamwambia umetuma plastiki badala ya kuja. Nikakata.

Ijumaa, 28 Juni
Asubuhi nilizing’oa soketi zote, nikazitia kwenye boksi. Baba Nyambura akanitazama kana kwamba mimi ni mwizi.

“Rudisha.”

Nikamwambia zilimwacha sakafuni siku nzima. Akatikisa kichwa. Jibu lake lilichukua muda mrefu, jasho likimtoka, nami nikajizuia kumwekea maneno mdomoni.

“Stima... hupotea. Mimi... nilijua. Weka... kengele.” Akapumzika. “Na... mtu.”

Nimezirudisha. Mchana Mama Halima ameleta kengele ya baiskeli ya marehemu mumewe. Tumeifunga kwa skrubu kwenye ubao wa kitanda, upande wa kushoto. Baba Nyambura akielekeza, sisi wawili tukibishana na bisibisi. Mama Halima anapita adhuhuri kama zamani, taa iwake isiwake. Nilimwomba nikiona haya. Akasema nisimpangie tena saa za kumjulia hali jirani yake.

Jumapili, 30 Juni
Nimempigia Nyambura. Nilimwomba radhi. Akaniambia hata yeye anajua plastiki haichukui nafasi yake. Atakuja Desemba. Tumelia kidogo, simu ikila pesa.

Kanisani Mama Ciru amekaa viti vitatu mbali nami. Nikamfuata baada ya ibada. Nikamwambia: mume wangu anasikia, na mimi sitaki apumzike. Basi. Ameshika Biblia yake kwa mikono miwili. Mwili wangu ulikuwa mwepesi njia yote.

Jumamosi, 6 Julai
Manyunyu tangu asubuhi. Nimefunga duka mapema. Stima imepotea tena, mtaa wote umetulia.

Nilikuwa namenya viazi jikoni kengele ilipolia. Nikakimbia, kisu mkononi. Amelala vizuri, blanketi limekaa sawa, hana shida yoyote. Nikamuuliza anataka nini.

“Keti.”

Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Akasogea kidogo kunipa nafasi. Tumesikiliza mvua kwenye mabati. Viazi vimechelewa.