Mgeni wa Saa ya Usingizi

Taichung, Jumatano

Mdogo wangu Po-han,

Pokea salamu zangu. Natumaini kifua kimetulia na baridi ya huko haikutesi. Sisi hatujambo, ila Mama analalamika hupigi simu.

Ofisini kwetu kuna vita. Programu za mashine za kushona tunazitunza kwa mfumo wa zamani: ukitaka kurekebisha faili unalifunga, wengine wanasubiri. Yun-ju, yule msichana mpya, anataka mfumo ambao kila mtu ana nakala yake, kisha kazi zinaunganishwa. Wiki iliyopita Bosi Kuo alifunga faili akaenda kung'olewa jino. Aliporudi, Yun-ju akamwambia mbele ya watu, "Bosi, umelifunga kama choo cha treni, na sisi huku tumebanwa." Kuo akajibu kwamba afadhali kubanwa kuliko kukuta mwenzako amefuta kazi yako.

Mwishowe alikubali kwa sharti moja: kila akaunti ya mfumo wa zamani ipate mwenyewe, jina kamili. Ikibaki hata moja, hatuhami. Zote zikapata wenyewe isipokuwa moja, iitwayo "mgeni". Kwa miaka sita imesahihisha makosa ya watu, kila mara mchana, saa ya kulala baada ya chakula, taa zimezimwa na ofisi nzima imelalia meza. Kila rekebisho lina maneno yaleyale: "Samahani, nimegusa kidogo."

Basi ugomvi ukageuka upelelezi. Mmoja alisema ni mzimu, akabadilisha ile pakiti ya kijani ya vitafunio tunayoiweka juu ya kompyuta kuu ili isiharibike. Yun-ju alijifanya amelala ili amnase, akapitiwa na usingizi kweli.

Po-han, ni mimi. Mimi mwandishi wa vijitabu vya maelekezo, nisiyeruhusiwa kugusa programu. Nilikuta mashine hazifanyi ninayoyaandika, nikasoma vitabu vya chuo ulivyoviacha chini ya kitanda, nikaanza kurekebisha mashine badala ya kijitabu. Nilipoacha shule ili wewe usome, nilikudanganya kwamba sipendi hesabu. Nilizipenda sana.

Leo asubuhi nimejiandika kwenye orodha ya wenye akaunti, mbele ya "mgeni". Niliogopa kufukuzwa. Kuo alisoma, kisha akauliza kwa nini faili la kasi ya sindano sikuligusa, na lina kosa wazi. Nikamwambia amelifunga yeye tangu mwezi wa tatu.

Akarudi mezani kwake, akalifungua.

Msalimie mkeo. Mama nitamwambia haya mwenyewe.

Dada yako,
Hsu Li-chuan