Nyapara Kawaswaga Wakwe Zangu

Shoga, uko? Acha unachofanya. Nimejifungia chooni nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unamjua Nyapara, yule mbwa wa kuchunga kondoo tuliyemchukua kituo cha mbwa waliotelekezwa? Leo dada wa kituo kaja kukagua kama tunafaa kubaki naye. Na wakwe nao wakatokea bila taarifa! Hata baba mkwe na mdogo wake, wale wasiosalimiana tangu harusi yangu.

Baba mkwe kakaa sebuleni, baba mdogo kaenda kusimama uani.

Nyapara hakuvumilia. Kondoo wake wametawanyika!

Akamsukuma baba mdogo kwa pua mpaka jikoni. Akarudi kumchukua baba mkwe. Shoga, AKAWASWAGA! Wazee wazima, bega kwa bega kwenye kona ya friji. Anayejaribu kutoka anavutwa suruali kwa meno.

Nikajua basi, mbwa anarudishwa. Nikapiga kelele, "Nyapara, waache!"

Mama mkwe, yule aliyeapa mbwa hataingia nyumba ya mwanawe, akanidaka mkono: "Wewe! Mwache amalize kazi."



Halafu baba mdogo akasema, "Kaka, huyu mbwa ana wazimu."

Baba mkwe: "Kama wewe tu."

Wakacheka! WAKACHEKA, shoga!

Dada wa kituo, machozi yanamtoka kwa kicheko, akasema Nyapara ni wetu.

Mama mkwe akamvuta pembeni: "Mwingine kama huyu mnaye? Nina mashemeji wengine bado."