Harufu ya Mkaratusi Darasa la Tatu B

Alhamisi, jioni. Mwanza.

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi na umetuletea kila kitu: ubaridi, vumbi la uwanja wa shule, na harufu ya dagaa walioanikwa mwaloni kwa wavuvi. Sasa umetulia. Nimekaa mlangoni kwangu hapa Buzuruga, chai imeshapoa, na vidole vyangu bado vina wino mwekundu. Sina hamu ya kula. Nina hamu ya kuandika tu, kwa sababu leo nimejua jambo ambalo sikuwa nalitafuta.

Nianze na karatasi ya maandazi.

Jumamosi iliyopita nilinunua maandazi pale stendi, nikafungiwa kwenye ukurasa wa jarida la Kizungu. Zamani ungefungiwa gazeti la hapa hapa, ukaisoma tena hotuba uliyoisikia redioni wiki iliyotangulia. Siku hizi biashara imefunguliwa, hata karatasi ya andazi inatoka Ulaya. Mimi nikiona maandishi lazima nisome, hata yawe kwenye gunia la mbolea. Nikala nyumbani huku nasoma, kamusi ipo pajani.

Kulikuwa na picha ya darasa. Watoto ishirini hivi, nikacheka peke yangu, maana ishirini kwangu ni madawati matano. Maelezo yalisema mwalimu wao hudondosha mafuta ya mimea kwenye kitambaa, darasa likanukia, na watoto wakatulia wenyewe. Mimea ilikuwa mitatu. Mmoja kamusi yangu haikuujua kabisa. Wa pili ulikuwa nanaa. Wa tatu mkaratusi, mti ambao tunao nyuma ya vyoo vya shule! Matone mangapi? Hapo ndipo mafuta ya andazi yalipoingia, maneno yote yamegeuka doa.

Nilisoma ukurasa ule mara nne. Na ni lazima niseme kwa nini, maana daftari hili silifichi kitu.

Wiki mbili zilizopita nilimchapa Kabula. Ni msichana mdogo wa dawati la tatu, hana maneno mengi, anaandika ameinamisha kichwa mpaka unadhani amelala. Siku hiyo darasa lilikuwa linavuma kama soko, watoto tisini kasoro, na kichwa kilikuwa kinanigonga tangu alfajiri. Nikapita dawati kwa dawati nikiwachapa mikononi. Kabula hakuwa hata anaongea. Fimbo ilimpata kwenye ukucha wa kidole cha shahada, ukucha ukawa mweusi, na wiki nzima akaandika kwa mkono wa kushoto bila kumwambia mtu. Herufi zake zilikuwa zinaanguka kama walevi. Mimi ndiye niliyekuwa nazisahihisha.

Sikulala vizuri siku zile. Mwishowe, Ijumaa iliyopita, nikaenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Una shida gani?"

Nikamwambia naacha fimbo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa naacha chaki. Ni mtu mzima, amefundisha kabla sijazaliwa, na si mkatili, ila anaamini watoto tisini bila fimbo ni vurugu. Akanipa wiki moja. "Ijumaa ijayo nitapita darasani kwako," akasema. "Nikisikia kelele zinafika hapa ofisini, fimbo inarudi. Na kama mkono wako umechoka, nitamtuma mwalimu wa nidhamu awe anaingia kila asubuhi."

Mwalimu wa nidhamu namjua. Fimbo yake haibagui.

Kwa hiyo andazi lile niliona kama limetumwa kwangu. Kwanza nilijaribu majani. Nikayachuma nyuma ya vyoo, nikayaponda kwenye kinu, nikapata vidole vya kijani na harufu iliyokufa baada ya dakika kumi. Jumamosi hiyo hiyo jioni nikaenda mjini. Siku hizi maduka ya dawa yameota kila kona, na vitu vya ajabu vimejaa rafuni. Kijana muuzaji akanitolea chupa ndogo ya mafuta ya mkaratusi.

"Una mafua, Mwalimu?"

"Sina."

"Sasa ya nini?"

"Ya darasa."

Nadhani alihisi mafua yamepanda kichwani.

Jumatatu niliwahi kabla ya kengele. Nilikuwa na pamba niliyoletewa na shangazi kutoka shambani Magu, nikaiweka kwenye vizibo vya soda, vizibo sita, kila dirisha vitatu. Nikadondosha matone matatu kila kimoja. Kwa kuwa sikujua kiasi, nikaongeza mawili. Nikajimwagia kidogo na mimi mwenyewe kwenye mkono, nikaukung'utia kwenye kanga.

Wakaingia kama kawaida, wanasukumana, mmoja anamvuta mwenzake mkia wa sweta. Halafu wakanyamaza.

Sisemi walipunguza kelele. Wakanyamaza kabisa! Walikaa, wakatoa madaftari, wakafunga mikono. Nilifundisha kugawanya kwa tarakimu moja mpaka kengele ikalia, nikasikia sauti ya chaki yangu mwenyewe, kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika darasa lile.

Mimi napenda kujua mambo, na jambo likitokea mara moja siliamini. Jumanne nikaweka vizibo baada ya mapumziko tu. Asubuhi ilikuwa vurugu tupu, nikapiga meza mpaka kiganja kikauma. Baada ya mapumziko, kimya. Jumatano nikahamisha vizibo nyuma ya darasa. Walionyamaza kwanza ni wa nyuma! Niliandika yote hapa, kurasa mbili zilizopita, kwa herufi kubwa na mistari chini yake. Nikajiona mtaalamu.

Mwalimu Nyanjige wa chumba cha pili akachungulia mlangoni, mkono kiunoni. "We dada, hawa watoto umewanywesha nini?" Nikamwonyesha vizibo, akanusa, akapiga chafya, akacheka. Mwalimu Mkuu naye alipita dirishani mara mbili. Mara ya pili alisimama kidogo, akatikisa kichwa akasema, "Endelea hivyo hivyo." Nilivimba kichwa, sitadanganya. Jioni nilishaanza kupanga nitakavyowaeleza walimu wenzangu kwenye kikao, nikitaja na ile nanaa.

Leo nikataka kujua zaidi. Mafuta yanawafanya nini hasa? Yanawalegeza? Yanawapa usingizi? Yule wa kwenye jarida hakuwauliza watoto, au kama aliwauliza basi jibu lilibaki kwenye doa. Nikaamua kuwauliza wangu. Kipindi cha insha nikaandika ubaoni: *Andika sentensi tatu kuhusu harufu iliyomo darasani.* Wakaandika kimya. Nikakusanya madaftari, na wakati wa mapumziko nikabaki mezani nayo, chupa mkononi, nacheka mwenyewe kwa furaha ya kutaka kujua.

Daftari la juu kabisa lilikuwa la Kabula. Amesharudi kuandika kwa mkono wa kulia. Ameandika hivi:

*Halufu hii ni ya mwarimu akiumwa kichwa. Mwarimu akiumwa kichwa anachapa. Mimi nikisikia halufu hii ninakaa kimya.*

Nikachukua kalamu nyekundu nikasahihisha *halufu*. Nikasahihisha *mwarimu*. Nikazungushia *halufu* ya pili. Ndivyo mkono wangu ulivyozoea, l na r ndiyo vita yangu ya kila siku na watoto wa huku. Nilikuwa nimeshageuza ukurasa ndipo nikaelewa nilichokisoma.

Kipandauso ninacho tangu chuoni. Nikiamka nacho, najipaka dawa ya kuchua, ile ya kopo dogo, kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na shingoni, halafu naenda kazini. Leo niliporudi nyumbani nimelifungua hilo kopo nikalinusa, nikaiweka chupa karibu yake. Ni mkaratusi mtupu. Mimi sikuwahi kuisikia harufu hiyo, nimeizoea kama mtu anavyozoea nyumba yake. Wao wameijua mwaka mzima. Wanaisikia kabla hata sijafika mlangoni.

Pale pale darasani nilisoma mengine, nikitumaini Kabula ameandika lake peke yake. Mmoja kaandika ni harufu ya bibi yake akiumwa kifua, na Mungu ambariki. Mmoja kaandika miti ya kanisani. Lakini waliobaki, daftari baada ya daftari: *mwalimu leo ana kichwa. Mwalimu leo mkali. Nikisikia harufu ninaficha mikono.* Masanja wa dawati la mwisho, yule mchekeshaji wao, kaandika sentensi moja tu badala ya tatu: *Wiki hii kichwa hakijapona hata siku moja.*

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nililia kidogo pale mezani, nimegeukia ubao ili mtu akipita dirishani asione uso wangu.

Nilikuwa nimeiacha fimbo kabatini na kuja nayo kwenye kizibo cha soda.

Sasa niseme na hili, maana ndilo baya zaidi. Nilipomaliza kulia, wazo la kwanza lililonijia ni la kesho. Kesho ni Ijumaa. Mwalimu Mkuu atapita. Nikiweka vizibo, watanyamaza, naye ataridhika, na mwalimu wa nidhamu hataingia darasani kwangu. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na watoto tisini. Niliishika chupa ile mkononi muda mrefu. Nilikuwa najisemea kwamba ni bora waogope harufu kuliko waipate fimbo ya yule bwana. Kwa dakika chache nililiamini hilo kabisa.

Halafu nikatazama ule ukurasa wenye l na r zilizozungushiwa wino mwekundu. Nikatoka, nikatupa pamba yote shimoni, nikaenda bombani. Niliosha mikono, uso na shingo kwa sabuni ya kufulia, mara mbili, nikaikunja kanga nikaiacha kwa Mwalimu Nyanjige. Aliniuliza kama nimemwagikiwa na kitu. Nikasema ndiyo.

Kipindi cha mwisho nikasimama mbele yao.

"Mimi siumwi kichwa," nikawaambia. "Sijaumwa tangu Jumatatu. Yale yalikuwa mafuta tu, niliyaleta nikidhani mtayapenda. Nimekosea. Na ile siku niliyowachapa wote, nilikosea pia. Kabula, nisamehe."

Nilidhani watacheka, au Masanja atasema neno. Kabula aliinama zaidi. Sijui kama mtoto wa miaka tisa amewahi kuombwa radhi na mwalimu, na sijui anatakiwa ajibu nini. Hata mimi nisingejua.

Nikaanza kuwaita majina waje kuchukua madaftari. Alipofika zamu yake Kabula alikuja taratibu, akasimama hatua mbili kutoka mezani. Hakunyoosha mkono. Alinyoosha shingo kwanza, akavuta hewa puani, kidogo tu. Akangoja. Akavuta tena. Ndipo akasogea, akachukua daftari kwa mkono wake wa kulia, akarudi kukaa.

Baada yake nikawatazama wengine vizuri. Kila aliyekuja mezani alinusa kwanza. Wote, hata Masanja.

Kesho naenda bila chupa na bila fimbo. Watapiga kelele, najua, na zitafika ofisini. Nitamwambia Mwalimu Mkuu ukweli, tena nitamwonyesha maandishi yao kama akikubali kuyasoma, nimwombe wiki nyingine. Anaweza kukataa. Hilo nitapambana nalo kesho.

Usiku wa leo nina swali moja tu, na hili hakuna jarida litakalonijibu: zitapita siku ngapi mpaka mtoto mmoja aje mezani kwangu bila kuninusa kwanza?