Gari Lilipozimika Njia ya Singida

Chang'ombe,
Dodoma.
14 Juni 2024

Mpendwa binti yangu Edina,

Shikamoo yako imenifikia kwa kinywa cha mama yako, marahaba sana. Hujambo? Mumeo Wilbert hajambo? Joto la Mtwara mmelizoea? Sisi huku wazima, ila bibi yako Sidonia miguu inamsumbua kwa baridi hii.

Siku ya harusi yako ulinipigia simu, nikashindwa kusema la maana. Wewe ulikuwa unalia, nami nimekwama barabarani. Ndiyo maana leo naandika.

Unajua gari la kaka yangu, marehemu baba yako, lilivyokuwa likizimika lenyewe. Wiki ya harusi nililipeleka kwa fundi Iddy. Akalipima kwa mashine yake, akakuta sensa ya bomba la moshi, kile kifaa kinachoupima moshi, imekufa, akabadilisha. Taa ya injini ikapotea. Nikalizungusha mjini kidogo, nikaridhika.

Jumamosi asubuhi tukaondoka, mimi na bibi, kuja Singida kwenye harusi yako. Tulipoipita Bahi, injini ikakata ghafla. Tukasubiri ipoe, ikawaka. Mbele kidogo ikakata tena. Nikatafuta gari la kukodi, nikapata bodaboda tu. Basi la Singida likasimama, lakini tulipojaribu kumpandisha bibi, alilia kwa maumivu.

“Nenda wewe,” akaniambia. “Mtoto hana baba. Mimi nitakaa na gari.”

Nimwache mama yangu peke yake kwenye jua lile? Nikamwambia kondakta aondoke.

Baadaye, gari liliporudishwa kwake, Iddy aliiacha injini iungurume mpaka ikapata moto sawasawa, ndipo akaona. Sensa inayosoma mzunguko wa injini ilikuwa inakufa ikipata joto, ikipoa inafufuka. Sisi tulilipima gari likiwa baridi, na ile sensa nyingine mbovu ikatuziba macho.

“Mzee, ningelisubiri lipate moto,” alisema kwa huzuni. Sikumlaumu. Mimi ndiye niliyemharakisha.

Nasikia mama yako ndiye aliyekushika mkono hadi madhabahuni. Namshukuru. Lakini kaka yangu aliniachia mimi kazi ile, nami sikuifanya. Inaniuma, mwanangu.

Iddy alipokwisha kuibadilisha sensa ile, Alhamisi nililijaribu gari kwa safari ndefu. Nikafika Singida bila kuzimika hata mara moja. Nikasimama mbele ya kanisa mlilofungia ndoa. Mlango ulikuwa umefungwa. Nikakaa kidogo pale nje, kisha nikageuza gari.

Bibi na shangazi yako Miriam wanakusalimu. Msalimu Wilbert na wakwe zako. Mungu aijaze nyumba yenu amani, na siku moja anijalie kuingia mlangoni kwenu.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye daima,
Gaudence