Mbegu za Bibi Chini ya Taa Nyeupe

Seoul, 3 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya wiki tatu nzima tangu bahasha yako ya mbegu ifike. Kila nikishika kalamu Da-on analia, na akinyamaza nasinzia mimi. Goti linaendeleaje tangu upasuaji? Mazoezi unafanya kweli, au unamdanganya kaka kama ulivyomdanganya daktari? Sisi hatujambo. Mjukuu wako ana meno mawili na ameshaning'ata nayo.

Sasa mbegu. Katika thelathini zimeota saba tu. Zilikaa mno kwenye chupa huko kwako, Mama. Na unakijua chumba chetu cha chini: dirishani tunaona viatu vya wapita njia, jua lenyewe linachungulia nusu saa likaondoka. Miche ikarefuka myembamba kama uzi, miwili ikaanguka ikafa. Imebaki mitano. Najua mboga hii ya Bibi, perila ya majani mapana, haipo tena popote, na chupa sasa ni tupu. Haitaishia mikononi mwangu. Nimeamua hivyo.

Kwa hiyo nikanunua taa. Ya kwanza ilikuwa ya zambarau, rahisi. Mkweo Ki-tae aliporudi kutoka kazini akasimama mlangoni: "Mama Da-on, tumefungua ukumbi wa karaoke?" Bibi wa ghorofa ya juu naye akashuka kuuliza kama tunauza bia. Nilicheka, lakini mtoto alionekana wa zambarau mwili mzima, sikuweza kujua kama ana vipele au hana. Nikairudisha. Muuzaji akanielekeza kwenye nyeupe, inayofanana na mwanga wa mchana. Akaniambia nisisome namba kubwa ya kwenye boksi, niulize taa inakula umeme kiasi gani hasa, na niining'inize shubiri moja na nusu juu ya majani. Nimenunua tano ndogo, kila chungu na yake. Miche imeacha kurefuka hovyo, shina linanenepa.

Niziwashe mpaka saa ngapi?

Binti yako,
Sol-bi

*

Miryang, 9 Novemba

Mama Da-on, mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linauma kwa adabu. Mazoezi nafanya kaka yako akiwa anatazama.

Mitano si haba! Bibi yako alianza na kiganja kimoja tu alichopewa siku alipoolewa. Zikizaa mbegu, mwezi wa nne nitapanda kwenye kile kipande cha shamba nilichobakisha nilipouza mabanda ya kulimia.

Kuhusu taa usimsikilize muuzaji, nisikilize mimi niliyelima majani ya perila miaka thelathini na minane. Ziwake mpaka saa sita usiku. Perila ikipata giza refu hutoa ua, na ua likitoka, jani kwisha. Umesahau ulivyokuwa mdogo? Ulikuwa ukikimbia bandani unapiga kelele "Mama, ua! Ua!" kama umeona nyoka, nami naja na mkasi.

Nimekuwekea achari ya kimchi ya figili na dagaa wakavu. Ki-tae asimalize peke yake.

Mama yako

*

Seoul, 17 Desemba

Mama,

Shikamoo. Mmeamkaje huko, na baridi hii? Sisi wazima, ila Da-on ana mafua kidogo, na mimi nilikuta soksi yangu kwenye jokofu. Usiniulize ilifikaje.

Vyungu vinne vimestawi, ungeviona ungelia. Jani moja linafunika kiganja cha Ki-tae! Juzi tumeyafungia nyama ya nguruwe ya kuchoma tukala, na bibi wa juu akaja na sahani yake bila kualikwa.

Cha tano nimekiharibu. Kipo karibu na kitanda cha mtoto, na taa ilikuwa inampiga usoni. Basi kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni naizima hiyo moja na kukifunika chungu kwa boksi la nepi mpaka asubuhi. Najua ulisema saa sita, lakini hapo sitaki ubishi, Mama. Mtoto asipolala, hakuna anayeishi humu ndani. Sasa kimetoa kichala cha maua meupe. Nilikuwa nimeshashika mkasi, Da-on akaamka. Nitakikata Jumapili, Ki-tae akiwa nyumbani kumbeba mtoto. Nisamehe.

Binti yako,
Sol-bi

*

Miryang, 19 Desemba

Sol-bi,

USIKATE!

Nimekupigia mara sita, simu umeizima mtoto alale. Kaka yako anakimbilia posta ya haraka na barua hii.

Mwanangu, sisi tunataka mbegu! Mbegu itoke wapi bila ua? Miaka yote hiyo nimefukuza maua mpaka nimesahau kuyaita, na wewe nimekuambukiza. Nimecheka mpaka mgonjwa mwenzangu wa mazoezi akadhani goti limenipanda kichwani. Funika vyote vitano. Jioni ile ile, saa ile ile ya mtoto.

Kama umeshakata, usiniambie. Funika tu hivyo vinne.

Mama

*

Seoul, 1 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimechelewa tena kuandika, safari hii kwa sababu sikutaka kusema kitu kabla sijaona kwa macho.

Barua yako ilifika Jumamosi jioni, mkasi ukiwa tayari mezani. Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu. Tangu siku hiyo, kila jioni tunafunika vyungu vitano kwa maboksi matano. Nyumba inakuwa giza mapema, mtoto analala, nami nalala. Ki-tae anasema sijawahi kuwa mpole hivi tangu tuoane.

Vichala vimekauka. Wiki mbili zilizopita tulitandika gazeti na kukitikisa kile chungu cha karibu na kitanda cha mtoto. Zilidondoka, Mama. Za kijivu, ngumu, tele. Da-on alitaka kuzila. Nimepanda kumi kwa majaribio, zimeota tisa.

Boksi la vitu ninavyokuomba hapo chini usilibebe mwenyewe na goti hilo, mpe kaka.

Binti yako,
Sol-bi

Vya kunitumia: ungo wako mdogo, maana napeta kwa sahani na makapi yamejaa kwenye nywele za mtoto. Chekeche ya matundu madogo. Chupa yenye kifuniko cha kubana, moja. Ngoja, Ki-tae anatikisa chungu cha pili. Chupa tatu.