Taa ya kichwani niliyokuchagulia

Binti yangu, chai iko kwenye chupa. Ukitoka funga dirisha la jikoni.

Taa yako ya kukimbilia usiku usiitafute kwenye chaji, ninayo mimi. Alfajiri niliivaa nikajaribu kile kilima chako. Hatua kumi tu ikanishukia puani kwa uzito, nikakimbia nimeishika kwa mkono. Ndani ya mkanda nikakuta kipande cha sponji ulichokishona isikuumize.

Na siku tulipoinunua dukani nilikukatiza mbele ya muuzaji: “Chukua yenye mwanga mkali, hizo nyepesi ni za watoto.” Miezi miwili unaniambia inamulika vizuri. Nimeona aibu hata kukuamsha.

~~Nitakuletea nyingine.~~ Nikute dukani saa kumi jioni. Utachagua wewe, mimi sifungui mdomo. Ila kile kipande cha sponji nabaki nacho.

Baba